Charged Up: mwongozo kamili wa kanuni na mbinu kwa timu za roboti za wanafunzi

Kanuni za mchezo mpya zikitoka, timu nyingi za wanafunzi huanza kwa kuuliza: tujenge roboti ya aina gani? Swali hilo lina wakati wake, na wakati wenyewe si siku ya kwanza. Siku ya kwanza ulizeni alama ziko wapi, na kila alama inakula sekunde ngapi. Timu iliyolijibu hilo kwa kalamu na karatasi kabla ya kushika bisibisi huingia uwanjani ikijua kazi yake. Iliyoruka hatua hiyo hufika na roboti inayojua kufanya mambo manne, yote nusunusu.

Mwongozo huu unauchambua mchezo mmoja halisi mwanzo hadi mwisho: Charged Up, mchezo wa msimu wa 2023 wa FIRST Robotics Competition, mashindano ya roboti ya wanafunzi yanayoandaliwa na shirika la FIRST. Kila mwaka FIRST hutoa mchezo mpya mwezi Januari, kwa hiyo huu hauchezwi tena kwenye mashindano rasmi. Nimeuchagua kwa sababu hesabu zake ziko wazi, na kwa sababu umebeba karibu kila uamuzi mgumu utakaokutana nao katika michezo mingine: kasi au uhakika, kufunga alama au kukaba, kushinda mechi ya leo au kupanda kwenye msimamo. Chukueni karatasi, mpige hesabu pamoja nami.

Hatua ya 1: Jueni uwanja na saa

Uwanja una urefu wa mita 16.5 hivi na upana wa mita 8. Mechi moja ni roboti tatu za muungano mwekundu dhidi ya tatu za muungano wa bluu, kwa dakika 2 na nusu. Sekunde 15 za kwanza roboti hujiendesha kwa programu, hakuna anayegusa usukani. Sekunde 135 zinazofuata huendeshwa na madereva, na 30 za mwisho kati ya hizo ndizo dakika za lala salama, ambapo huhesabiwa kazi ya jukwaa, yaani ubao mkubwa unaoinama ambao roboti huupanda na kuusawazisha.

Mizigo ni ya aina mbili: koni za manjano zenye kimo cha sentimita 33 hivi, na michemraba ya zambarau iliyojazwa upepo. Kila muungano una gridi yake yenye nafasi 27, yaani mistari 9 yenye ngazi tatu kila mmoja: juu, kati na chini. Ukiihesabu mistari kutoka upande mmoja, mpangilio ni koni, mchemraba, koni, na hivyo hivyo hadi wa tisa. Mistari ya koni ina milingoti kwenye ngazi ya juu na ya kati, na koni huvishwa humo. Mistari ya michemraba (wa 2, wa 5 na wa 8) ina vibao. Ngazi ya chini iko sakafuni na inapokea mzigo wowote. Mistari mitatu ya katikati ni gridi ya ushirikiano, tutairudia.

Mlingoti wa juu una kimo cha sentimita 117 na umeingia ndani zaidi ya mita moja kutoka ukingo wa gridi. Andikeni namba hiyo kwa herufi kubwa ukutani, maana ndiyo inayoamua ugumu wa mkono wa roboti. Kanuni zinataka roboti ianze mechi ikiwa na kimo kisichozidi sentimita 137, mzingo wa fremu usiozidi sentimita 305, na uzito usiozidi kilo 57 bila betri na bampa. Ikiwa kazini hairuhusiwi kuchomoza zaidi ya sentimita 122 nje ya fremu, wala kuzidi kimo cha sentimita 198.

Eneo la kupakia la muungano wenu liko upande wa pili wa uwanja, mbali na gridi yenu na jirani na nyumbani kwa mpinzani, yaani eneo lililo mbele ya gridi yake. Huko mpakiaji, yaani mwanafunzi anayesimama nje ya uwanja, huingiza mizigo kupitia mteremko mmoja au kupitia vibao viwili vya kuteleza vyenye kimo cha sentimita 95. Umbali huo wa kwenda na kurudi ndio moyo wa mchezo mzima.

Hatua ya 2: Andikeni bei ya kila kitu

Hizi ndizo bei, bila mapambo.

Mzigo ukiwekwa wakati roboti inajiendesha: chini alama 3, kati 4, juu 6.
Ukiwekwa wakati wa madereva: chini 2, kati 3, juu 5.
Nafasi tatu zilizojaa mfululizo kwenye ngazi moja hufanya mnyororo: alama 5. Nafasi moja haiingii kwenye minyororo miwili.
Roboti kutoka kabisa nje ya eneo la nyumbani katika sekunde 15 za kwanza: 3.
Jukwaa katika sekunde 15 za kwanza: 8 kwa kupanda, 12 likiwa limesawazika. Ni roboti moja tu ya muungano inayohesabiwa hapa.
Jukwaa mwisho wa mechi: 6 kwa kila roboti iliyopanda, 10 kwa kila roboti likiwa limesawazika.
Kumaliza mechi ukiwa nyumbani bila kupanda: 2.
Faulo ya kawaida humpa mpinzani alama 5, ya kiufundi 12.

Msiliache karatasi hilo likae kama orodha tu. Lisomeni kwa kulinganisha. Faulo moja ya kiufundi inazidi koni mbili za juu. Roboti tatu juu ya jukwaa lililosawazika ni alama 30, sawa na koni sita za ngazi ya juu kabla ya minyororo. Gridi ikijaa yote kwa bei za madereva inaleta alama 90 za mizigo na 45 za minyororo, jumla 135. Kwa hiyo theluthi ya thamani ya gridi haimo kwenye mzigo wenyewe, imo kwenye mahali ulipouweka. Timu inayotupia mizigo popote penye nafasi inaiacha theluthi hiyo uwanjani.

Kuna jambo moja hapa ambalo nataka kila timu iligundue yenyewe kwa kuchora mistari tisa ubaoni. Chagueni nafasi tatu zozote zinazofuatana kwenye ngazi ya juu au ya kati: 1 hadi 3, 2 hadi 4, 3 hadi 5, popote. Kila mara mtapata koni mbili na mchemraba mmoja. Hakuna mnyororo wa juu au wa kati unaokamilika bila koni mbili. Roboti inayobeba michemraba pekee ina nafasi 6 tu huko juu na haiwezi kufunga hata mnyororo mmoja peke yake isipokuwa sakafuni. Hiyo haimaanishi roboti ya michemraba ni mbaya. Maana yake ni kwamba inahitaji mwenzake wa koni, na itafaa ijue hivyo tangu inachorwa.

Hatua ya 3: Geuzeni alama kuwa sekunde

Hapa ndipo mbinu inapozaliwa. Tuseme safari ya kwenda kupakia na kurudi inachukua sekunde 10, na kuupokea mzigo sekunde 3. Kuweka juu kunachukua sekunde 4, kati 3, chini 1. Kila mzigo unaoingia kwenye mnyororo unabeba pia theluthi ya alama 5, yaani 1.67.

Juu: alama 6.67 kwa sekunde 17, sawa na 0.39 kwa sekunde.
Kati: 4.67 kwa sekunde 16, sawa na 0.29.
Chini: 3.67 kwa sekunde 14, sawa na 0.26.

Safari ndiyo inayomeza muda, na ni ileile kwa ngazi zote. Ukishalipa gharama ya kuvuka uwanja, ni hasara kuuacha mzigo sakafuni. Timu nyingi zikifika hapa hufunga daftari na kuanza kujenga mkono mrefu. Subirini kwanza. Hesabu hii imechukulia kwamba koni inavikwa kila mara. Ikiwa katika kila koni kumi mkono unafanikiwa mara sita, 6.67 inashuka hadi 4.0, na kwa sekunde 17 unapata 0.24. Roboti nyenyekevu inayosukuma mizigo sakafuni bila kukosa imekupita. Mpaka uko karibu na theluthi mbili: mkono usiofanikiwa angalau mara mbili katika kila majaribio matatu hauna haki ya kwenda ngazi ya juu siku hiyo.

Namba za sekunde nilizotumia ni za mfano. Zenu mtazipata kwa saa ya kupimia. Choreni uwanja wa mazoezi kwa utepe sakafuni, mwache dereva aendeshe, mtu mwingine apime na kuandika. Pimeni mizunguko mingi, na msiandike ile mizuri pekee. Wastani ndio utakaokwenda nao mashindanoni, tena uwanjani kuna watu wengine njiani.

Sasa pimeni muungano mzima. Dakika za madereva ni sekunde 135. Toeni 15 za jukwaa, zinabaki 120. Kwa mzunguko wa sekunde 17 roboti moja inaleta mizigo 7. Roboti tatu za namna hiyo zinaleta 21, na pamoja na minne au mitano ya mwanzoni gridi inakaribia kujaa. Miungano ya kiwango hicho ipo, na ndiyo maana kufikia ubingwa wa dunia uliochezwa Houston mwezi Aprili 2023 kanuni iliongezwa ili gridi iliyojaa iendelee kupokea mizigo ya ziada kwa alama 3 kila mmoja. Lakini mechi ya kawaida ya makundi, yaani zile za mwanzo zinazopanga msimamo kabla ya mtoano, haifanani na hiyo. Mara nyingi kuna roboti moja inayoleta mitano, nyingine minne, na ya tatu miwili kwa taabu. Ukijumlisha na mitatu ya mwanzoni unapata 14. Ikumbukeni namba hiyo.

Hatua ya 4: Tofautisheni alama za mechi na pointi za msimamo

Kwenye makundi, msimamo hauendi kwa alama za mechi. Ushindi ni pointi 2, sare 1, halafu kuna pointi mbili za ziada ambazo kila muungano unaweza kuzipata, hata ulioshindwa. Ya kwanza ni ya minyororo: mitano au zaidi. Ya pili ni ya jukwaa: alama za jukwaa 26 au zaidi, zikijumlishwa za mwanzo na za mwisho wa mechi. Kwa hiyo mechi moja ina pointi 4, na muungano ulioshindwa ukiwa na bonasi zote mbili unapata sawa na mshindi asiye na bonasi hata moja.

Minyororo mitano inataka mizigo 15 kwa uchache, yote ikiwa imepangwa barabara. Rudini kwenye ile 14 ya juu: mmekosa kwa mmoja. Hapo ndipo gridi ya ushirikiano inapoingia. Ikiwa kila muungano umeweka angalau mizigo mitatu kwenye gridi yake ya katikati, kizingiti kinashuka hadi minyororo minne kwa wote wawili. Minne ni mizigo 12, na 12 mnayo.

Kwa hiyo kabla ya mechi nendeni kwa wapinzani mkawaulize: mnaweka mitatu katikati? Ni mazungumzo ya nusu dakika. Wengi hukubali kwa sababu nao wana mahesabu yaleyale. Kwa upande wenu, wekeni hiyo mitatu mapema, ikiwezekana kwenye ngazi moja ili iwe mnyororo kamili papo hapo, badala ya kungoja dakika ya mwisho na kukuta njia ya katikati imezibwa na jukwaa, ambalo limekaa mbele yake kabisa.

Kwenye mashindano ya ngazi za juu vizingiti hivi hupandishwa. Soma taarifa za nyongeza za kanuni za kila wiki, si kitabu cha Januari peke yake. Mpeni mwanafunzi mmoja kazi hiyo iwe yake msimu mzima.

Bonasi ya jukwaa ina hesabu tamu kuliko zote, tuipigie hatua yake.

Hatua ya 5: Jukwaa

Jukwaa lina upana wa sentimita 244 hivi na limeegemea mhimili katikati, kwa hiyo huinama upande wowote kama bembea ya ubao. Linahesabiwa limesawazika likiwa ndani ya digrii 2.5 za usawa wa sakafu, na roboti zote zinazoligusa ziwe zimebebwa nalo kabisa. Roboti moja ikiacha gurudumu sakafuni huku bampa likigusa jukwaa, imewaharibia wenzake wote.

Njia za kufikia 26:

12 mwanzoni, kisha roboti mbili juu ya jukwaa lililosawazika mwishoni: 32. Imetosha.
8 mwanzoni, kisha mbili zilizosawazika: 28. Imetosha.
Sifuri mwanzoni, kisha tatu zilizosawazika: 30. Imetosha.
12 mwanzoni, kisha tatu zilizopanda bila usawa: 30. Imetosha.
8 mwanzoni, kisha tatu bila usawa: 26 kamili.
12 mwanzoni, kisha mbili bila usawa: 24. Imekosa.
12 mwanzoni, kisha moja iliyosawazika: 22. Imekosa.

Mstari wa kwanza ndio uti wa mgongo wa mechi za makundi. Mkipata 12 za mwanzoni, mwishoni mnahitaji roboti mbili tu, na ya tatu iko huru kuleta mzigo mwingine na kurudi nyumbani kwa alama 2. Kuilazimisha ipande ni kuwahatarisha wenzake wawili walioshika pointi tayari. Hatua ya mtoano ni habari nyingine: hakuna pointi za msimamo, kuna kushinda tu, na zile alama 10 za roboti ya tatu zinafaa kujaribiwa kama imezoea.

Programu ya kusawazisha inaandikwa hivi. Jairoskopu inasoma mwinamo wa roboti. Roboti inapanda kwa kasi hadi mwinamo uzidi kiwango mlichoweka, ishara kwamba magurudumu yameshapanda. Hapo inapunguza mwendo na kusonga polepole sana. Jukwaa likiwa limeinama kabisa mwinamo ni takriban digrii 15. Roboti ikikaribia katikati, jukwaa linaanza kuanguka kwenda upande wa pili, na usomaji unashuka ghafla. Simama hapohapo, usingoje sifuri! Ukingoja sifuri umeshapita, jukwaa litainamia mbele, roboti itarudi nyuma, litainama tena, na sekunde 15 zitaishia kwenye kuyumba. Wengi huongeza kurudi nyuma kidogo kwa kipimo maalumu mara tu mwinamo unapoanza kushuka, kisha hufunga magurudumu. Kama magurudumu yenu yanageuka kila moja peke yake, yaelekezeni kwa umbo la X, roboti haitateleza hata ikigongwa.

Kwa roboti mbili au tatu, wa kwanza kupanda aende mbali kabisa upande wa pili, akiacha jukwaa liiname mbele yake. Wenzake wapande kwa kupangana ubavu kwa ubavu, kisha mmoja tu, aliyeteuliwa kabla ya mechi, ndiye anayesogea kidogo kidogo kutafuta usawa. Wengine waondoe mikono kwenye usukani. Madereva watatu wakisahihisha kwa wakati mmoja, jukwaa halitulii. Upana wa jukwaa ukigawanywa kwa tatu ni sentimita 81 kwa kila roboti pamoja na bampa zake, na hiyo ni sababu nzuri ya kujenga roboti nyembamba ambayo watu huikumbuka siku ya uchaguzi tu.

Hatua ya 6: Chagueni kazi, ndipo mchore roboti

Mkiwa na hesabu hizo, andikeni sentensi moja: roboti yetu itafanya nini kila mechi bila kukosa? Kwa timu changa ushauri wangu hauyumbi. Anzeni na magurudumu imara na usawazishaji wa jukwaa. Kisha michemraba, kwa sababu ni laini, inashikika kwa roli za kawaida hata ikikamatwa vibaya. Kisha ngazi ya chini kwa mzigo wowote. Koni za juu ziwe za mwisho, na zije tu kama bado kuna wiki za mazoezi.

Koni ni ngumu kuliko inavyoonekana. Iliyosimama ni rahisi, shida ni iliyolala. Koni iliyolala inaweza kuwaelekezea ncha, kitako au ubavu, na kila hali inataka mshiko tofauti. Kama mashine yenu inaishika kwa kitako pekee, dereva atalazimika kuizunguka, na sekunde zake zinaharibu ile 0.39 yote. Timu nyingi zilikwepa tatizo hili kwa kupokea koni kutoka kwenye vibao vya mpakiaji tu, ambako huja zimesimama. Huo ni uamuzi wa busara kabisa mradi mpakiaji afanye mazoezi pamoja na dereva: aiweke koni mahali palepale kila mara, na wawe na ishara ya kuambiana inayofuata ni koni au mchemraba. Taa mbili juu ya roboti, ya manjano na ya zambarau, zinatosha.

Kwa kulenga, 2023 ulikuwa msimu wa kwanza wa FIRST Robotics Competition wenye vibandiko vya AprilTag uwanjani, yaani picha za miraba ambazo kamera huzisoma ili roboti ijue ilipo, nane kwa jumla, na milingoti ya koni ilikuwa na utepe unaoakisi mwanga. Kamera inayosoma vibandiko hivyo inaokoa muda, lakini mstari wa rangi kwenye bampa unaolingana na mlingoti unasaidia pia, na hauzimiki katikati ya mechi.

Hatua ya 7: Sekunde 15 za kujiendesha

Kila roboti huanza ikiwa na mzigo mmoja mkononi, na mbele ya kila nyumbani kuna mizigo minne imepangwa kuelekea katikati ya uwanja. Andikeni programu kwa mtindo wa ngazi, kila moja ikifanya kazi peke yake kabla ya inayofuata.

Kwanza, weka mzigo wa mkononi. Juu ni 6, kama mkono haujawa tayari usukume chini kwa 3. Pili, toka nyumbani kwa 3. Hapo una alama 9 kwa programu fupi sana. Tatu, kwa roboti ya katikati: weka mzigo, vuka jukwaa hadi utoke nje, kisha rudi nyuma, panda jukwaa na usawazishe. Ni 6, 3 na 12, jumla 21, na umewapa wenzako kianzio cha bonasi. Nne, kwa roboti za pembeni: chukua mzigo wa pili na uurudishe.

Andaeni programu kwa pande zote tatu. Upande mmoja wa njia ya kutokea una kifuniko cha nyaya sakafuni, kinaitikisa roboti na kupoteza hesabu ya umbali, kwa hiyo programu iliyopimwa upande ulio wazi haiwezi kuhamishiwa huko bila kusahihishwa. Timu yenye programu ya upande mmoja tu itagombania nafasi na mwenzake kila mechi.

Hatua ya 8: Kukaba bila kuadhibiwa

Nje ya maeneo ya ulinzi mnaruhusiwa kumziba mpinzani, na katikati ya uwanja ndiko mahali pake, kwa sababu kila mzunguko lazima upitie huko. Hesabu ni rahisi: mkimwongezea mpinzani wa sekunde 17 sekunde nyingine 8 kila safari, mizigo yake 7 inakuwa 4. Kama roboti yenu ilikuwa inaleta miwili, mmefaidika.

Lakini msimguse mpinzani mkiwa na sehemu yoyote ndani ya eneo lake la nyumbani au la kupakia, hata kama ni yeye aliyewagonga. Msimbane zaidi ya sekunde 5, mwachieni na mwondoke. Nje ya maeneo yenu msimiliki mizigo miwili kwa pamoja, na kuusukuma wa pili kwa bampa kwa makusudi ni kuumiliki. Zikifika sekunde 30 za mwisho, kaeni mbali na jukwaa lao. Mkabaji anayetoa faulo mbili kwa mechi amempa mpinzani alama 10 ambazo asingezihangaikia.

Hatua ya 9: Kabla ya mechi

Kaeni na wenzenu wa muungano walau dakika tano. Maswali ni machache: nani anasawazisha mwanzoni, nani anaanzia wapi, nani anajaza ngazi gani kuanzia mstari gani, nani anaweka mitatu ya katikati, nani anapanda kwanza mwishoni, na saa ikionyesha ngapi tunaacha mizigo. Gaweni gridi kwa mistari, mmoja aanzie kushoto, mwingine kulia, ili minyororo ikutane bila kubishana. Kocha wa uwanjani kazi yake ni kuangalia gridi na kutaja pengo: "mstari wa tano, kati, mchemraba." Asimfundishe dereva kuendesha, muda huo umepita.

Pelelezeni wenzenu na wapinzani kwa namba zilezile: mizigo kwa mechi, ngazi gani, mara ngapi jukwaa limefanikiwa, faulo ngapi. Wanafunzi sita wenye karatasi, kila mmoja akiangalia roboti moja, wanatosha. Msimamo peke yake unadanganya, kwa kuwa roboti ya kawaida inaweza kubebwa na ratiba nzuri.

Hatua ya 10: Uchaguzi na mtoano

Mwisho wa makundi, timu nane za juu huwa manahodha. Duru ya kwanza ya kuchagua huanzia wa kwanza hadi wa nane, ya pili hugeuka na kuanzia wa nane. Ukimkatalia nahodha anayekuita, hakuna mwingine anayeruhusiwa kukuchagua, kwa hiyo jibuni mkiwa mmeshaamua. Chaguo la kwanza huwa mfungaji wa pili wa nguvu, na hapo hakuna mjadala mrefu. La pili ndilo linalotofautisha nahodha aliyepeleleza na aliyekisia. Kama ninyi wawili ni wa koni, wa tatu awe wa michemraba au wa sakafuni, mwembamba, asiyeanguka jukwaani, mwenye programu ya upande ambao ninyi hamnao.

Tangu 2023 mtoano unachezwa kwa mfumo ambao muungano hutoka ukishindwa mara mbili, na fainali ni ya mshindi wa mechi mbili kati ya tatu. Kupoteza mechi ya kwanza hakumalizi kazi, ila kunapunguza mapumziko na kuongeza mechi. Kwa hiyo siku ya mtoano muwe na betri nyingi zilizojaa kuliko mnavyodhani mnahitaji, kila moja ikiandikwa muda iliotoka kwenye chaja. Mtu mmoja akague boliti za mkono na mnyororo wa magurudumu kila roboti inaporudi kutoka uwanjani, na mwingine aende kwa muungano unaofuata kuangalia wanakaba kwa upande gani.

Msibadilishe programu ya kujiendesha siku hiyo, isipokuwa mmeipima kwenye uwanja wa mazoezi na imefanikiwa mbele ya macho yenu. Mkibadilisha, hifadhini ya zamani ikiwa na jina lake, ili dereva aichague kwenye kompyuta kabla filimbi haijalia.